Mtoto Anayeitwa Bado

Simu ikilia asubuhi, Ishengoma alishajua.

"Kaka, hii programu yako imezima tena."

Alikuwa Sista Violeth, muuguzi wa zahanati moja ndogo Muleba, njia ya kwenda Rubya. Ishengoma, kijana wa Nyanga mwenye kompyuta yake na hasira zake za karibu, ndiye aliyewaandikia programu ya kusajili watoto wachanga. Muuguzi anaingiza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, uzito na simu ya mama. Siku ya chanjo ikikaribia, mama anapata meseji. Kazi ya maana kabisa. Tatizo, Mungu wangu, ni hao wanaoingiza!

"Kwenye uzito umeandika nini, sista?"

"Kilo tatu na nusu."

"Kwa maneno?"

"Sasa ulitaka niandike kwa nini?"

Akarekebisha: ukiweka herufi penye namba, programu isizime, ikuambie urudie. Kesho yake wakaweka mkato badala ya nukta. Ikazima. Halafu namba ya simu ikaja na jina la mume pembeni. Ikazima. Mara jina la mtoto limeachwa wazi. Hapo akachemka, akaweka sharti: bila jina, hakuna kuendelea. Wiki haijaisha, simu ikalia tena. Safari hii hata sababu hakuuliza.

"Hawa watu watanitoa roho!" alifoka peke yake chumbani. Akaiamuru programu kwamba kosa lolote likitokea, la aina yoyote ile, ilimeze kimya, iendelee, na mwisho iandike: "Asante, imehifadhiwa."

Simu zikakoma. Jamani, raha iliyoje! Akaanza kutamba mjini Bukoba kwamba programu yake haijui kuzima.

Dada yake Kemilembe akajifungua kwenye zahanati hiyohiyo. "Usihangaike na tarehe," Ishengoma alimwambia. "Meseji itakuja yenyewe." Dada akamwamini. Kadi ya kliniki ikalala sandukuni.

Miezi mitatu baadaye akapiga simu. "Kaka, watoto wa majirani wamechanjwa mara ya pili. Wangu lini? Kifaduro kimeingia huku, nasikia wanavyokohoa nyumba ya pili."

"Mlete zahanati leo hii. Nakuja."

Akafungua kompyuta, akamtafuta mpwa wake. Hayumo. Akatafuta kwa simu ya mama. Hayumo! Akapanda gari la Muleba.

Alimkuta Sista Violeth akisajili watoto waliozaliwa usiku. Akasimama nyuma yake. Kwenye jina, sista akaandika "Bado".

"Bado ndiyo jina gani?"

"Programu yako si inakataa pakiwa wazi? Na mtoto hana jina mpaka babu yake aje amwite. Wewe si Mhaya? Ulitoka tumboni na jina?"

Sista akamwandika mtoto wa pili: Bado, tarehe ileile. Asante, imehifadhiwa.

Lakini kwenye orodha alikuwemo mmoja tu. Ishengoma alikuwa amepanga mtoto atambulike kwa jina na tarehe, akidhani kwenye zahanati ndogo vile hawawezi kufanana wawili. Wa pili alikataliwa, kosa likamezwa, na sista akashukuriwa.

"Mawe! Mama yangu!" Violeth akaacha kuandika. "Kumbe muda wote huo inanidanganya? Si ulisema umeitengeneza?"

Nje, Kemilembe alikuwa amefika, mtoto mgongoni. Ishengoma akamweleza sista kwamba huyo naye hakuwemo kwenye orodha.

"Wa dada yako tumempata," Violeth alisema. "Waliobaki ni akina nani?"

Ishengoma akaitazama kompyuta yake. Haikuwa imeandika popote ilichokimeza.

"Sijui, sista."

"Hujui?" Sista akainuka, akamsukumia mikononi boksi la barafu la chanjo. "Basi beba. Tunaanzia nyumba ya kwanza barabarani, na mama zao utawaeleza wewe mwenyewe."