COBOL ya Mdomoni

Chuo chetu cha Kitale kilifundisha COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kama katekisimu. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika, na aliyekariri vizuri akaitwa mwerevu. Kompyuta zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa vya meza, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na kompaila, yaani ile programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kiwe kazi ambayo mashine inaweza kuifanya. Bila kompaila, COBOL ni insha tu. Tuliandika insha mpaka mwaka wa mwisho.

Lugha yenyewe ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Kwingine watu walikuwa wameshaitupa, lakini silabasi yetu iliing'ang'ania, na hapakuwa na diploma bila mradi: programu yako pamoja na karatasi ya matokeo yake. Mimi niliitaka ile diploma kwa hasira. Baba alikuwa akilima tumbaku Malakisi ili nisome, na ndugu zake walikwisha kumwambia mbele yangu kwamba kumsomesha msichana kompyuta ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilitaka niwape sababu ya kunyamaza.

Nilimuuliza mwalimu, "Sasa mwalimu, hiyo matokeo tutatoa wapi na hakuna kompaila?"

Alicheka. "Si iko kwa notsi? Wewe piga chapa vile iko."

Ndivyo wote walivyofanya. Mwenzangu wa dawati, msichana mkarimu aliyekuwa akinikatia nusu ya chapati yake, alifungua programu ya kuandikia barua, akayapiga chapa matokeo ya notsi, yale tuliyosomewa darasani, akayapamba kwa mistari na vinyota, akachapisha. Karatasi ikapendeza kama kadi ya harusi.

"Wacha kujisumbua bana," akaniambia. "Hakuna mtu atajua."

Mimi ningejua. Huo ndio ukaidi wangu, na sijawahi kuuonea haya, ingawa umenila.

Nilianza kutafuta kompaila katika maduka ya intaneti ya Kitale. Kule mtandaoni kulikuwa na kampuni zilizouza kompaila kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Kulikuwa na kurasa zilizoahidi kila kitu, ukibofya hupati kitu. Kulikuwa na wazee wa Ulaya waliokuwa wakibishana kwa adabu kuhusu miongozo waliyoihifadhi ghalani, nami nikiwasoma niliona wivu mchungu. Wao walicheza na COBOL kama mtu anayefuga njiwa. Mimi maisha yangu yalikuwa yamening'inia hapo.

Hatimaye nilipata kompaila ya bure, lakini mtandao wa Kitale uliikata kila ilipofika katikati. Nikasikia kwamba Bungoma kuna duka lenye laini nzuri zaidi. Nikaenda kulala kwa shangazi yangu aliyekaa huko, dada wa baba, ambaye hakuuliza mengi, alinionyesha kitanda tu.

Mwenye duka alikuwa kijana wa mzaha. "Niaje madam. Unatafuta nini?"

"Kompaila ya COBOL."

"Ati nini? Hiyo si ni ugonjwa?"

Hata hivyo alinipa mashine ya pembeni, na stima ilipopotea alinihurumia, akaniruhusu nianze upya kesho yake. Faili likaingia lote. Nikaandika programu ya notsi zetu, ile ya kujumlisha magunia ya mahindi ya wakulima, neno kwa neno kama tulivyokariri. Kompaila ikaikataa karibu mstari kwa mstari.

Nilisoma mwongozo uliokuja na lile faili mpaka macho yakawasha. COBOL ya zamani hutaka mistari yake ianzie mahali maalumu, si popote upendapo, na sisi tulikuwa tumesomewa kwa mdomo. Nafasi tupu hazisemwi kwa mdomo. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimekariri programu ambayo isingeweza kufanya kazi hata siku moja. Nikapanga upya kila mstari, na mashine ikakubali, ikajumlisha yale magunia, nami nikapiga kelele dukani kama mtu aliyepata mtoto. Nilifurahi kweli. Sitaki mtu aniambie kwamba sikufurahi.

Kisha nikaona kwamba jumla haikuwa ile ya notsi. Nikajumlisha kwa kalamu kwenye kiganja, nikarudia. Mashine ilikuwa sahihi. Mwalimu, au aliyemfundisha mwalimu, alisahau kubeba moja, na darasa baada ya darasa lilikuwa limepiga chapa kosa lile lile na kupewa diploma.

Nilipeleka mradi wangu kama ulivyotoka, bila vinyota. Majina yalipobandikwa, mbele ya langu paliandikwa: Arudie.

Nilimkuta mwalimu ofisini. "Yako haifanani na ya wenzako," akasema.

"Yangu imetoka kwa mashine, mwalimu."

"Na nani alikuambia ni mashine inasahihisha?"

Nilimwonyesha ile hesabu. Aliifuata kwa kidole mpaka chini, na nikaona kwamba ameelewa. Ningependa kusema kwamba hakuelewa, ningemsamehe. Aliikunja karatasi, akanirudishia, akasema niende nikajiandae kurudia.

Mwaka uliofuata nilikaa Malakisi nikifunga majani ya tumbaku, nikimwambia baba kwamba ni mtihani mmoja tu umebaki. Muda wa kujiandikisha ulipofika nilirudi Kitale. Aliyekuwa ameketi ofisini, ameajiriwa kufundisha kompyuta na kuandikisha watu wa kurudia, alikuwa yule mwenzangu wa dawati. Mbele ya watu aliniita madam.

"Pole, madam. COBOL ilitolewa kwa silabasi. Hakuna mtu atakutungia mtihani."

"Basi narudia nini?"

Alitazama meza. "Unaanzia mwanzo. Mwaka wa kwanza, na wale wapya. Mimi ndio nitakuwa nawafundisha."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Nilimpisha aliyefuata, nikatoka bila kujiandikisha.