Mfua mashuka wa hospitali na kayaki yake ya kwanza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Ni mzito kiasi kwamba watu wakisalimiana humo, husubiri kidogo wajue wamemsalimia nani. Katikati yake anasimama mwanamke mfupi mwenye mikono ya mcheza mieleka. Anakunja shuka, analipiga kofi, analiweka. Linafuata jingine.

Wenzake humwita Mama Mvuke. Ana miaka hamsini na tisa, na kazi hii ameifanya miaka thelathini na moja.

"Leo anakunja kama anafukuzwa," anasema mpiga pasi wa meza ya pili. "Kesho anakwenda kununua meli."

"Si meli, ni kayaki," anajibu bila kugeuka.

"Ina honi?"

"Honi ni mimi mwenyewe."

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki. Unakaa chini, unanyoosha miguu, unapiga kafi lenye bapa kila upande. Mama Mvuke hajawahi kukalia hata moja. Ameweka akiba miaka miwili, akimega kidogo kidogo kwenye mshahara ambao, kwa maneno yake, "ukifika nyumbani unakuwa umeshachoka kuliko mimi."

Mchezo wenyewe haumsumbui sana. Kinachomsumbua ni dada yake mkubwa, mshonaji mstaafu. Tangu amzike mumewe, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, dada hatoki nje ila kwenda kliniki. Mapazia yamefungwa, cherehani imefunikwa shuka.

"Nimempelekea wachekeshaji wote wa ukoo, kuanzia mimi," anasema. "Ananiuliza tu kama nimekula. Basi nikakumbuka beseni."

Beseni lilikuwa la mama yao, aliyefua nguo za watu. La bati, pana kama kitanda cha mtoto. Jumapili mchana, mama akisinzia, mabinti hao wawili walilibeba kichwani mpaka bwawani. Magoti hayakuenea, kwa hiyo walikaa mgongo kwa mgongo, mmoja na mwiko, mwingine na kipande cha ubao, na beseni likazunguka kama pia.

Kwa simulizi ya Mama Mvuke, walivuka hadi ng'ambo na samaki wakapanga foleni kuwatazama. Kwa simulizi ya dada, hawakuwahi kuyapita matete.

"Harufu yake bado ninayo," anasema Mama Mvuke, na kwa mara ya kwanza mikono yake inatulia. "Sabuni ya mche na bati lililopigwa jua. Na dada anacheka mpaka anashindwa kupiga ubao."

Safari zilikoma siku mama alipokuta kiluwiluwi kwenye mfuko wa shati la mwalimu mkuu.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wako kwenye banda la muuza kayaki kando ya bwawa lile lile. Dada amekubali kuja kwa sharti moja: atakaa kwenye benchi na kushika mikoba.

Muuzaji, fundi wa kuchomelea vyuma zamani, ana utaratibu wake. Hakuna anayegusa maji kabla ya kukaa ndani ya kayaki robo saa, pale pale kwenye nyasi. "Wageni wote huchagua kwa macho," anasema. "Mimi nataka makalio nayo yatoe maoni."

Mama Mvuke anaiendea moja kwa moja nyekundu, nyembamba kama sindano.

"Hiyo ukipiga chafya tu, umeogelea," muuzaji anamwonya. Anamvutia ya kijani, fupi, pana, ya mtu mmoja. "Anza na hii. Imetulia, na ina kilo kumi na tisa tu. Unaibeba mwenyewe."

Mama Mvuke anainyanyua. "Ishirini na moja."

Inapimwa. Ni ishirini na moja.

"Nanyanyua mashuka mabichi kila siku, baba. Mkono huu ni mzani."

Kisha anaiona ya njano, ya watu wawili. Anaomba aijaribu.

"Mimi nimekuja kushika mikoba," dada anasema mapema.

"Ishikie humu ndani, dada. Kuna kiti."

Mabishano yanamaliza robo saa yote ya nyasi. Mwishowe wanavaa majaketi ya kuelea, na muuzaji anaishikilia kayaki kwenye maji ya magotini. Mama Mvuke anakaa mbele. Dada anaingia, anageuka, anakaa mgongo kwa mgongo naye.

"Mama, mbele ni kule!" muuzaji anapiga kelele.

"Sisi tunakaa hivi," dada anamjibu.

Wanasukumwa. Kila mmoja anapiga kafi kwa nguvu zake zote kuelekea mbele yake. Kayaki inazunguka papo hapo, raundi ya kwanza, ya pili. Mama Mvuke anahisi mgongo wa dada ukitikisika. Anadhani analia. Kafi linamganda mikononi, hathubutu kugeuka.

Halafu anasikia. Ni kicheko kile kile cha kwenye beseni, kimekauka kidogo kwa kuwekwa.

Nchi kavu, muuzaji anatoa ushauri wa kitaalamu. "Chukua ya kijani, mama. Hii ya njano ina kilo thelathini na nane. Peke yako hata majini hutaifikisha."

Mama Mvuke anamtazama dada anayekamua sketi yake, bado anafuta macho.

"Ndiyo maana naichukua hii."

Kayaki itahifadhiwa bandani. Miezi minne ijayo Mama Mvuke anastaafu, na anataka kabla ya hapo wawe wamefika ng'ambo, safari hii kweli.

Anapotia sahihi, dada anauliza, macho yakiwa kwenye sketi, "Jumamosi ijayo saa ngapi?"

"Saa tatu, kama leo."

"Jua litakuwa kali. Saa moja. Na usinicheleweshe."