Taa ya Kaburu

Kaburu, baba yake Mwiti, alikuwa fundi wa nyaya za magari hapa Kanyakine kwa miaka ishirini na miwili, na tusimnyime haki yake: alikuwa hodari. Kifaa chake kikuu kilikuwa taa ndogo ya kupimia umeme. Haikutoka mfukoni mwa ovaroli yake, na Jumapili aliihamishia kwenye koti la kanisani.

Kisha Kinya akafungua karakana ng'ambo ya barabara. Msichana wa Kibugu, amesomea Embu, ana mashine ya kusoma kompyuta ya injini. Anaichomeka chini ya usukani, anafuta kosa, taa ya injini inazimika, mteja anacheka. Kaburu alizoea kufungua waya wa betri na kungoja nusu saa kosa lijifute. Akajiliwaza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Kinya hakutembeza chochote. Wateja walivuka barabara wenyewe, na wivu ukamshika Kaburu.

Aliyemuuma zaidi ni Gitobu, mteja wake wa tangu zamani. Injini ya gari lake ilikuwa ikitetemeka na taa ya injini imewaka. Kinya akafuta kosa. Siku ya tatu likarudi. Akafuta tena, likarudi tena. Gitobu akaanza kunung'unika, na Kaburu akafurahi, tena bila haya.

Ila ugonjwa huo aliujua, maana aliuleta mwenyewe. Mwaka jana Gitobu alipokwenda kumposea mwanawe, alitaka gari ling'ae hata chini ya boneti, wakwe wasipate la kusema. Kaburu akapaka rangi nyeusi kila mahali, kisha akafunga waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi, juu ya rangi hiyo. Umeme haupiti vizuri kwenye rangi, na kompyuta ikikosa umeme safi hulalamikia kila kitu. Kaburu aliyajua yote hayo, akanyamaza.

Asubuhi moja Kinya akavuka barabara.

"Baba Mwiti, naomba uniazime taa yako ya kupima. Mashine inaniambia kuna kosa, lakini haisemi liko wapi."

"Iliungua," Kaburu akasema. Alikuwa ameishika mfukoni.

"Aki pole, mzee."

Akarudi kwake. Kaburu akamwona akichukua balbu kuukuu ya indiketa na kuiunga nyaya mbili. Mmoja akaushikiza kwenye chanya ya betri. Wa pili akaugusisha kwenye hasi, balbu ikawaka sana. Akaugusisha kwenye bodi, ikafifia. Akaufuata waya wa athi, akafungua bolti, akakwangua kwa msasa. Vidole vyake vikajaa unga mweusi. Kanyakine nzima ilijua nani alipaka lile gari rangi. Kaburu akangoja aibu yake itangazwe.

"Kwani ilikuwa nini?" Gitobu, aliyesimama kando ya gari, akauliza.

"Uchafu tu, mzee," Kinya akajibu.

Wiki ikapita, taa ya injini haikurudi. Kaburu hakupata usingizi. Heri angemtukana! Tusi angelijibu. Wema ule angeufanya nini?

Jumatatu Kinya akavuka tena, na ile balbu yake, sasa imefungwa vizuri kwenye mpini wa mbao.

"Nimekutengenezea hii, Baba Mwiti, kwa vile yako iliungua."

Kaburu akaipokea kwa mkono wa kushoto, kama mtu asiyefunzwa adabu. Wa kulia ulikuwa mfukoni, umefunika ile taa yake nzima.