Mkono Uliofundisha Kreni

Kazini shemeji yangu anaitwa Taratibu, na ukimuona akishusha fungu la nondo juu ya lori huna haja ya kuuliza kwa nini. Tani nne za chuma hutua kama mtoto aliyesinzia anayelazwa kitandani. Jina alipewa na madereva wa malori, ambao kwa kawaida hawana neno zuri kwa mtu yeyote, likamganda mpaka hata meneja akasahau lile la kwenye kitambulisho. Amemuoa dada yangu mkubwa. Mimi ndiye mpiga ishara wake. Nasimama chini, nafunga minyororo, nainua mkono, naye anainua mzigo. Kwa miaka nimekuwa nikimtania kwamba huko juu kibandani anajiona mfalme wakati nyumbani dada yangu anamtuma dukani kama mtoto. Shemeji ni wa kutaniwa, asiyependa ale kwake.

Naeleza habari zake kwa sababu watu wanazieleza vibaya. Wanasema ana bahati, kiwanda kizima hakiendi bila yeye. Ningewaombea wao bahati hiyo waione.

Kiwanda chetu kinayeyusha vyuma chakavu na kutoa nondo. Kreni kubwa hutembea kwenye reli mbili chini ya paa, kutoka mashine ya kukatia mpaka lango la malori. Kibanda cha mwendeshaji kimening'inia ubavuni mwake, vioo pande zote, na ndani mna kiti, feni ndogo isiyoshinda joto na mpini mmoja wa mkono wa kulia. Ukishaketi pale hushuki mpaka zamu iishe, isipokuwa kwa haja kubwa, na hata hiyo unaulizwa kama haiwezi kusubiri.

Zamani mpini ule ulikuwa na kitufe. Ukikiachia, kreni inasimama. Waendeshaji walichoka kukibana kutwa, wakawa wanakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Siku moja mmoja wao akazimia kwa joto. Kitufe kilikuwa kimefungwa, kreni ikaenda zake na mzigo mpaka ikabomoa ukuta wa chumba cha mizani. Karani wa mizani alikuwa ametoka mbio kwenda chooni, na mpaka leo anawaambia watu kuwa aliokolewa na maharage ya jana yake.

Baada ya hapo kampuni ikaleta kihisi cha kufungwa ndani ya mpini. Aliyekuja kukifunga ni mhandisi mmoja mama, mwembamba, hana papara, anamjibu kila mtu hata mfagiaji. Alitukusanya akatueleza. Mkono wa mtu aliye hai, alisema, hautulii kabisa hata akijitahidi vipi. Una mchezo mdogo mdogo ambao macho hayauoni. Kihisi kikiusikia mchezo huo, taa ya kijani inawaka chini ya kibanda na kreni inakwenda. Kisipousikia, kinajua mpini umefungwa mpira au mwendeshaji amezimia. Hapo taa inageuka nyekundu na breki zinafunga. Ila kwanza lazima kifundishwe mkono ulio hai unachezaje.

"Nipeni mwendeshaji wenu bora," alisema.

Sote tukamgeukia Taratibu. Alijaribu kukataa, akasema wapo vijana, tukadhani ni unyenyekevu. Meneja akamsukuma begani kwa kicheko. Kwa wiki kadhaa akafanya kazi huku kile kifaa kikimsikiliza, kisha mhandisi akafunga boksi lake akaondoka.

Wenzetu walikibatiza Mama Mkwe, kwa sababu kinaangalia unavyoshika na hakisemi mpaka umekosea. Jina lilinikera, maana mama mkwe wa Taratibu ni mama yangu mzazi. Taratibu mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi.

Kicheko kiliisha mapema. Siku ya kwanza alipopumzika, mwenzake wa zamu alipanda, fundi mzuri, aliyewahi kuwa mshonaji nguo kabla ya kuja kiwandani, mkono wake umetulia. Akashika mpini. Nyekundu. Akaachia, akashika tena. Kijani kidogo, nyekundu. Fungu la nondo likabaki linaning'inia juu ya lori, dereva anatukana. Akajaribu wa pili, akajaribu wa tatu. Mama Mkwe hakumtaka yeyote. Meneja alifikiri akapata jibu lake: "Hawa hawajui kushika. Mleteni Taratibu." Kukizima hakukuwezekana, watu wa bima wasingekubali.

Tangu hapo mtu huyu hakuwa na likizo. Alikuwa ameahidiwa kazi ya usimamizi wa yadi, ashuke chini, apumzishe mgongo. Akaambiwa asubiri mpaka wengine wajifunze. Hawakujifunza. Aliitwa akiwa mgonjwa wa homa. Aliitwa siku ya harusi ya binti yake, watu wamekaa, bwana harusi anatoa shukrani, gari la kiwanda likasimama nje na kupiga honi. Mimi ndiye niliyetoka naye, nikiwa nimebeba koti lake, na nilikuwa na hasira za kumtafuna mtu.

Siku hiyo nilipanda naye mpaka kibandani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Mama Mkwe aje. Akaketi na suti yake, akaweka mkono kwenye mpini. Kijani. Nikautazama ule mkono. Haukuwa na mchezo mdogo mdogo. Ulikuwa unatetemeka waziwazi, vidole vyote, kama wa mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi.

"Umeona," alisema bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Kabla ya hiki kidude. Baba alikuwa nao, na babu. Nilidhani mimi umeniruka."

Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa nimeishi na mtu yule miaka bila kujua. Ndipo nikaelewa kwa nini anashika kikombe kwa mikono miwili, kwa nini akisalimia huwahi kutoa mkono na kuwahi kuurudisha mfukoni.

"Kifaa kimejifunza huu ugonjwa," alisema. "Kinadhani kila mtu mzima yuko hivi. Mwenye mkono mzuri kinamwona maiti."

"Si useme! Mwambie meneja!"

Akanionyesha kwa kidevu tangazo lililobandikwa kwenye kioo. Mwendeshaji mwenye kutetemeka mikono haruhusiwi kupanda, na aliyeficha atafukuzwa. "Nikisema, nafukuzwa," alisema. "Nisiposema, ndiyo hivi unavyoniona." Kisha akashusha lile fungu la nondo, taratibu, kwa ule ule mkono. Mpini wa kreni hausumbuliwi na kutetemeka kidogo. Sheria ndiyo inayosumbuliwa.

Nilishuka ngazi. Kumbe tulikuwa tumemfungia mtu huko juu, sisi wenyewe, kwa makofi na sifa.

Nyumbani dada yangu naye alikuwa ameshachoka kujifanya haoni. Mumewe alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati. Chakula alikula peke yake baada ya wengine, akisingizia hana njaa, ili wasimwone mchuzi ukimwagika. Siku moja dada akamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu." Akampeleka hospitali amemshika kiwiko kama mwizi.

Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, akaandika vidonge. Na vidonge vile, jamani, vilifanya kazi. Haukupita muda mrefu mkono ukatulia. Nilimkuta barazani akitunga uzi kwenye sindano. Alishona kifungo cha shati, akakikata, akakishona tena, bila sababu yoyote isipokuwa raha. Dada yangu alimtazama kutoka mlangoni huku akifuta macho kwa upande wa kanga. Nami nilifurahi, siwezi kuficha, nilifurahi kama niliyepona mimi.

Jumatatu akapanda kibandani, akashika mpini. Nyekundu.

Chini watu wakacheka. "Mama Mkwe amekuchoka na wewe!" Mimi sikucheka. Nilipanda ngazi nikamwambia hii ndiyo nafasi yetu. Sasa mhandisi ataitwa, atakifundisha kifaa upya kwa mkono huu uliopona, na baada ya hapo mtu yeyote ataweza kupanda. Wewe utashuka yadi, utakwenda likizo, utakula harusi za wanao wote mpaka mwisho. Endelea na vidonge tu. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona anaamini jambo.

Mhandisi alikuja na kompyuta yake. Akaiweka juu ya pipa, akaunganisha waya, akamwomba Taratibu ashike mpini wa majaribio aliokuja nao. Meneja alisimama pembeni akitazama saa. Kwenye kioo cha kompyuta mlikuwa na mistari miwili, mmoja una mawimbi, mwingine umelala.

"Huu ndio mkono wako wa siku zote," alisema mama yule akionyesha mawimbi. "Na huu ndio wa wiki hii. Ni kama mikono ya watu wawili. Mzee wangu, kuna kitu kimekupata?"

Taratibu akajifuta jasho kwa mkono wa kushoto.

"Naweza kukifundisha upya leo hii," akaendelea kwa upole. "Lakini lazima nijue upi ndio mzima. Nikikifundisha kwa mkono mgonjwa, kitawakataa wazima wote. Niambie tu, upi?"

Mama yule alikuwa amelishika jibu mkononi na hakujua. Sentensi moja tu ingetosha. Nilimkodolea macho shemeji yangu, nikamwomba kimoyomoyo aseme, aseme tu, liwalo na liwe. Lakini meneja alikuwa hapo, na tangazo lilikuwa palepale lilipobandikwa.

"Swali gani hilo?" meneja akadakia. "Mkono mzima ni ule wa miaka yote! Haujaangusha hata nondo moja. Huyu sasa hivi ni mgonjwa, mwone anavyotoka jasho."

"Ni kweli, mzee?" mhandisi akauliza. Hakuondoa macho kwake. Nadhani alishahisi kitu.

Taratibu akaachia mpini wa majaribio, akaurudisha mkono mfukoni.

"Ni kweli," alisema. "Siku hizi sijisikii vizuri."

Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Basi akapewa likizo ya ugonjwa, ile likizo aliyoililia miaka. Masharti yalikuwa mafupi: akae nyumbani mpaka mkono urudi kama zamani, malori yapakiwe kwa kreni ya kukodi. Ikifika mwisho wa mwezi haujarudi, mhandisi atakifundisha kifaa kwa mkono wa mtu mwingine, na Taratibu ataagwa kama mgonjwa asiyefaa kazi. Sijui kama umewahi kuona mtu aliyepona akikalishwa kitako kwa kuwa amepona. Wenzetu walikuja kumpa pole na matunda kwenye mifuko. Yeye mgonjwa akawamiminia chai mmoja mmoja, vikombe vimejaa mpaka ukingoni, bila kumwaga tone. "Pole sana," walimwambia wakipokea vikombe. "Mungu atakuafu."

Dada yangu alikuwa akimwekea kidonge kwenye sahani kila asubuhi, kando ya mkate. Mwezi ulipokuwa unayoyoma nilipita kwao asubuhi moja, nikakuta sahani ina mkate tu.

"Dada, dawa ya shemeji?"

"Zimo kabatini," alijibu. Hakuinuka kwenda kuzichukua. Taratibu hakuinuka. Nami, mwenye mdomo mrefu wa kuwafundisha watu ujasiri, nilivuta kiti nikaketi. Niliwachukia wote wawili kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha nikafikiria watoto waliobaki shuleni, na nyumba ambayo haijaezekwa upande wa nyuma, nikakosa hata la kuwachukia.

Mkono ulirudi haraka kuliko ulivyoondoka. Kwanza kidole gumba, kisha vingine. Siku ya majaribio alivaa shati lisilo na vifungo.

Walimshikisha mpini mbele ya kila mtu. Mhandisi hakuja, alimtuma fundi wake na ule mpini wa majaribio. Taa yake ikawaka kijani, imetulia, haina wasiwasi. Kiwanda kizima kikalipuka kwa makofi. Madereva walipiga honi. "Amepona! Taratibu amepona!" Mshonaji wa zamani, yule ambaye Mama Mkwe alimkataa, alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Nilipiga makofi na mimi, ningefanyaje.

Meneja akaja na tabasamu mpaka masikioni, akauchukua ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili huku unatetemeka ndani yake kama ndege. Labda alidhani ni furaha.

"Pole sana kwa kuugua," alimwambia.

"Nimeshapoa, bosi," alijibu Taratibu, akauchomoa mkono wake, akaanza kupanda ngazi.