Firigisi Niliyomsingizia Rael

Mwanangu, siku ninayotaka kukueleza ilikuwa Jumapili, shule zimefungwa, na nyumbani tulikuwa na wageni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nimekula chumvi nyingi, magoti yananiuma nikiinuka, na kuna wajukuu ambao majina yao hunipotea hata wakiwa wamesimama mbele yangu. Lakini siku hiyo sijasahau hata kitu kimoja, na nikwambie ukweli, ningependa kuisahau.

Wageni walikuwa wajomba zangu watatu, kaka zake mama. Huku kwetu Kakamega mjomba hapewi mboga za majani akaondoka. Huchinjiwa kuku, na kuku wa mgeni kila kipande kina mwenyewe. Firigisi, sisi tunaiita imondo, ni ya mwenye boma, naye akitaka humpa mgeni wake mkubwa. Mwanamke haili. Siku hizi mnazinunua zimekaangwa kwa sahani pale stendi, msichana anakula huku anaongea na simu, nami sina neno. Wakati wetu, mwanamke aliyeleta kuku mezani bila imondo alikuwa amemtukana baba mkwe mbele ya wageni wake.

Aliyepika siku hiyo ni Rael, mke wa kaka yangu mkubwa Alfayo. Alikuwa ametoka kwao Malava miezi minne tu kabla ya hapo. Alikuwa mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo. Kila Jumamosi alinisuka nywele bila kuombwa. Nakwambia haya ili ujue kwamba hakuwa amenikosea kitu.

Mama alimtuma Rael chemchemini akachote maji, akaniachia mimi kazi ya kuchochea moto. Nikafunua sufuria kuonja mchuzi, nikaiona ile imondo inaelea pale juu. Tangu nizaliwe nilikuwa nikimtazama baba akiitafuna polepole na sisi tumekaa tunameza mate. Nilikuwa mtoto mkaidi, nikataka kujua ni kitu gani wanaume wametuficha humo. Nikaitoa kwa mwiko, nikaipuliza, nikaila nyuma ya jiko. Ilikuwa ngumu, na utamu wake haukufika hata nusu ya paja.

Obusuma, yaani ugali, ukapelekwa, kuku akapelekwa. Baba alikuwa amekusudia kumpa mjomba mkubwa imondo kwa mkono wake mwenyewe. Akazungusha kijiko kwenye mchuzi, akazungusha tena. Wajomba wakatazama pembeni, kama watu wazima wanavyofanya wakimwona mwenzao anaaibika. Baba akatania kwamba labda kuku huyu alizaliwa bila tumbo, wakacheka kidogo, kisha wakala. Mimi niliyaona haya yote kutoka mlangoni, nikarudi jikoni mbio.

Mama alikuja jikoni amefura. Rael alimjibu kwa adabu, macho chini.

"Niliiweka ndani, mama. Niliweka na mkono yangu."

Mama akanigeukia mimi. Ningenyamaza tu, wangemlaumu paka. Ningesema ni mimi, ningechapwa na jioni hiyo hiyo mambo yangekwisha, maana wangapi hawajachapwa? Lakini niliogopa, nikasema, "Nimemuona akitafuna."

Mama akanishika mkono, akanipeleka sebuleni niyarudie mbele ya baba na wajomba. Nikayarudia. Mara ya pili hata nikaongeza kwamba alijipangusa mdomo kwa leso yake. Rael alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Alinitazama, kisha akarudi jikoni. Nadhani aliona haya kubishana na mtoto mbele ya wazee.

Kesho yake baba alimrudisha kwao, eti mama yake amfundishe upya, na akirudi aje na kuku wa kuomba msamaha. Jambo dogo, si ndiyo? Lakini baba yake Rael alimwuliza binti yake kama alikula, binti akasema hakula, na mzee akamwamini. Akasema kuku huyo hatatoa, kwa sababu kumtoa ni kukubali kwamba amelea mwizi wa jikoni. Baba yangu naye akasema bila kuku mlango haufunguki. Wanaume wawili wakakaa hivyo, kila mmoja na kiburi chake, na Alfayo katikati hana la kusema mbele ya babake. Mwaka haujaisha, mzee wa Malava akawarudisha ng'ombe wetu wa mahari kwa miguu, yeye na wanawe, na ndoa ikafia hapo. Alfayo alioa mwingine baada ya mavuno.

Rael hakuolewa tena. Maneno yalikuwa yamefika Malava kabla yake. Sokoni watoto walimwita mla imondo nyuma ya mgongo wake. Mwanamume mmoja wa Chekalini aliyefiwa na mke alikwenda kumposa, mama wa mwanamume akaulizauliza, na yule bwana hakuonekana tena. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nacheza kati, ule mchezo wa mpira wa wasichana, nasoma, naolewa, nazaa.

Nilipofika miaka thelathini na kitu niliokoka. Tulikuwa na semina ya akina mama kanisani, na mhubiri akatufundisha kwamba kuna watu wamesamehewa na Mungu lakini wao wenyewe wamekataa kujisamehe. Akatuambia tushike kifua na kusema, nimejisamehe. Mwanangu, nililia siku hiyo mpaka kitambaa kikalowa. Nikasema nilikuwa mtoto, sikujua, nimejisamehe. Nikarudi nyumbani mwepesi, nikaanza kulala vizuri, hata nikanenepa. Nilikuwa nikiyatoa kama ushuhuda katika makanisa ya mbali, ambako hakuna aliyemjua Rael, na watu walinipigia makofi.

Siku moja nikamweleza senje wangu, dada yake baba, tukiwa tunapukuchua mahindi. Nilimweleza karibu kwa kicheko, kama mtu anayesimulia ugonjwa uliokwisha pona. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua. Kisha akaniuliza swali moja.

"Sawa, wewe umejisamehe. Rael anapika jikoni kwa nani siku hizi?"

Sikujua. Sikujua kama ana watoto, kama anakula, kama yu hai. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshughulika na moyo wangu mimi. Senje hakunikemea zaidi ya hapo, alivuta ungo wake akaendelea na kazi, na mimi niliona aibu ambayo kule kwenye semina sikuwa nimeiona.

Basi nikapiga moyo konde nikaenda Malava. Nilimkuta kando ya barabara akiuza ndizi, amekonda, nywele zimeanza mvi. Alinitambua mara moja, akanipangusia kigoda nikae. Nilimwambia yote huku nalia. Aliningoja ninyamaze, akamhudumia mteja mmoja, kisha akasema maneno ambayo yamekaa nami mpaka leo.

"Peris, mimi nilikusamehe kitambo. Ulikuwa mtoto. Lakini si mimi uliniambia uongo. Uliambia baba yako. Enda umwambie yeye, na watu wakiwa hapo."

Nikamwahidi. Akanifungia ndizi, akakataa kulipwa.

Umeelewa, mwanangu? Nilikuwa nimejisamehe, na mwenyewe niliyemkosea amenisamehe, na bado hakuna kilichokuwa kimebadilika. Rael alikuwa pale pale barabarani na jina lake ni lile lile. Mtu mmoja tu angeweza kusema mbele ya ukoo kwamba mke wa mwanawe alionewa, na mtu huyo ni baba. Alikuwa mzee lakini akili yake ilikuwa timamu, na mwenye kiburi kama yeye, akishajua amekosea, angepeleka ng'ombe Malava yeye mwenyewe. Alfayo angemjengea nyumba, hata kama ni ya mke wa pili. Mambo hayo yalifanyika kwetu.

Lakini nilichelewa. Kwanza nilisema acha tupande. Kisha baba akawa na presha, nikasema nisimshtue. Kisha ilikuwa harusi ya dada yangu, nani anataka kuharibu harusi? Nilikaa naye mara nyingi, nikimnyonyolea kuku, nikimwekea imondo kwenye sahani, nikaondoka bila kumwambia. Nilimwogopa vile vile nilivyomwogopa nikiwa na miaka kumi na mitatu, na mimi nimekwisha zaa watoto wanne. Baada ya miaka miwili alikufa. Alikufa akijua kwamba Rael alikula.

Nikakaa matanga nikilia kuliko wote, watu wakasema alivyompenda babake. Baada ya arobaini nikajisamehe tena. Mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, tayari unayajua maneno. Malava sikurudi. Nilipita njia ile mara nyingi nikienda Webuye, nikageuza uso upande wa pili.

Mwaka juzi nikaletewa habari kwamba Rael amefariki. Nilikwenda. Alfayo nilikuwa nimemweleza ukweli wote jioni ya kuamkia mazishi, naye hakuja. Aliniuliza tu Rael aliugua nini, nikamwambia tumbo, akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo kaka yangu hajakanyaga kwangu.

Matangani walitoa nafasi ya watu kumsema marehemu. Nikaomba kipaza sauti, kijana wa ratiba akanipa dakika mbili. Nikasema mimi ni nani. Nikasema kwamba imondo iliyomtoa Rael kwenye ndoa yake niliila mimi, na kwamba yeye hakula. Vijana walicheka. Siwalaumu, wao wanaona mwanamke mzee anang'ang'ania firigisi mbele ya jeneza, nani hatacheka? Lakini wazee waliokaa mbele hawakucheka. Mwanamke mmoja wa rika la Rael alifunika uso kwa leso akaanza kulia kwa sauti, akisema, alituambia, alituambia.

Nilipokaa chini, mdogo wake Rael, mzee Jafeti, alikuja akainama karibu yangu. Huyu ndiye aliyemtunza dada yake miaka yote katika kijumba kilichokuwa nyuma ya boma lake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinimaliza.

"Asante kwa kusema, mama. Lakini hii maneno ungeisema mzee wenu akiwa, dada yangu leo angelala kwa bwana yake."

Labda hujui desturi, mwanangu. Binti aliyerudi nyumbani, ambaye ng'ombe wake wa mahari wamerudishwa naye hana mtoto, hazikwi ndani ya boma. Hana bwana wa kumpa mahali, na kwao si kwake tena. Walimbeba Rael wakampitisha nyuma ya nyumba ya Jafeti, wakatoka nje ya ua, wakamzika ukingoni, pale mashamba ya miwa yanapoanzia. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Trekta ilikuwa inapita kwenye ile barabara ya kubebea miwa, ikabidi mchungaji angoje ipite ndipo aombe.

Nakuandikia haya kwa sababu naona siku hizi neno hili la kujisamehe limekuwa kama dawa ya kikohozi, kila mtu anayo mfukoni. Nawasikia kwenye redio, jisamehe usonge mbele. Sikukatazi. Mtu anayejichukia kila siku hamsaidii aliyemkosea, na Mungu hapendi hivyo. Lakini liwe jambo la mwisho. Kwanza muulize yule uliyemkosea anakaa wapi leo, na anakaa hivyo kwa sababu gani. Kama ulimwibia, rudisha. Kama ulimsingizia, rudi pale pale uliposemea, kwa wale wale waliokusikia, useme tena kwa sauti ile ile. Usitafute kanisa la mbali. Usingoje mwenye kusikia apone, au wageni waondoke, au wewe ukue. Mimi nimekua mpaka nimezeeka, na woga haukupungua hata kidogo. Nilichopoteza ni watu wa kuwaambia.

Mimi sijisamehe tena, wala silii. Najua tu nilichofanya, na nitaondoka nacho.

Wewe bado una muda. Mungu akupe ulimi mwepesi kusema ni mimi, na miguu ya kwenda mapema, asubuhi hii ya leo kama inawezekana. Akulinde na usingizi mtamu usioustahili. Na siku utakayofika mlangoni kwa yule uliyemwambia uongo, akujalie umkute bado yu hai.