Nywele Zisizosukwa

Maharusi wote wa ukoo wetu wamesukwa na mimi, kule Uganda tulikokimbilia na hapa Juba tuliporudi. Shule niliiacha mapema, lakini mikono yangu ilisoma. Basi mjukuu wangu alipovua kitambaa akanionyesha utosi unaong'aa kama kisigino kilichosuguliwa, nilikipapasa nikitafuta pa kuanzia. Wakwe zake walikuwa waje baada ya Pasaka, na kwetu binti huwatokea akiwa amesukwa na nyanya yake. Sasa nisuke nini, ngozi?

Vidonge vya zahanati havikusaidia kitu. Nikaenda mtaa wa Hai Jalaba kwa Msomali mmoja aliyetoka Kenya, anayeuza manukato na dawa za Kihindi.

"Nyanya, hii ni ayurveda, Wahindi wanaitumia tangu zamani," akasema, akinifungia unga wa tunda la amla na uwatu. "Chemsha kwa mafuta ya simsim. Yakiwa vuguvugu, msugue taratibu kwa ncha za vidole. Halafu kichwa kikae wazi. Usimsuke."

"Nisisuke? Na hii mikono niipeleke wapi, niipike?"

"Sugua tu, nyanya."

Yeye hakujua kwamba kwetu mwanamke anayeacha nywele bila kusukwa amefiwa. Mjukuu wangu alipoanza kukaa uani kichwa wazi, jirani aliingia na sukari na majani ya chai, akaketi chini, akauliza polepole, "Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni nywele tu. Akamtazama mtoto kichwani, akatupa pole ileile ya msiba. Sukari aliiacha.

Kila jioni mjukuu wangu aliketi kati ya magoti yangu. Vidole vilianza kusugua vizuri, kisha vyenyewe vikagawa mstari.

"Haboba, unasuka," alisema. Ndivyo watoto wa Juba wanavyotuita nyanya zao.

"Sisuki."

Nywele zilinata kwenye viganja vyangu vyenye mafuta. Nilizificha kwenye mkunjo wa sketi.

"Zimetoka?"

"Kidogo."

"Haboba, nilifua sketi yako jana."

Nilirudi kwa Msomali. Akasema dawa hii inataka miezi mingi, nisikate tamaa. Miezi hiyo ningeitoa wapi?

Asubuhi ya kuja kwa wakwe mjukuu wangu alinipa kitana mwenyewe. "Nisuke hata hizi za pembeni."

Niligawa mstari mmoja juu ya sikio, nikavuta kidogo sana, jinsi nisivyowahi kumvuta mtu nywele. Mstari wote ukaja mkononi, kama majani yanavyong'oka kwenye udongo wenye maji. Nikaweka kitana chini.

Hakulia. "Basi nipake mafuta," akasema.

Nikayapasha. Wageni walipiga hodi wakatukuta bado uani, kichwa chake magotini pangu, nami ninasugua. Niliwasikia. Sikujua nifanye nini kingine.