Jiwe la Kikapu cha Obwocha

Karani wa kituo chetu cha majani chai huku Gesima hutia mkono kikapuni hadi kiwikoni, hufumba macho, na vidole vyake, vyenye weusi wa utomvu usiotoka hata Sabato, hulijua jani gumu kabla hajaliona. Likiwa la mtu wetu, ana jina na siku: "Jasper alichelewa kuchuma juzi." Likiwa la mtu wa ng'ambo ya mto: "Hawa watu huchuma ovyo." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hiyo "hu-" ya mazoea nimeisikia ikiwaangukia majirani miaka yote, nami nikanyamaza.

Wiki jana karani alimwaga kikapu cha Lorna wa ng'ambo bila hata kutia mkono. "Hawa huficha mawe chini, uzito uongezeke. Mwaka ule wa kiangazi tulilitoa jiwe mimi na wewe, mwalimu. Si unakumbuka?" Nilikumbuka. Tulilitoa katika kikapu cha Obwocha, ndugu wa karani mwenyewe wa tumbo moja. Nikamwambia, polepole. Akanitazama kwa huruma. "Hapana, mwalimu. Obwocha alikuwa mgonjwa mwaka huo." Hakuwa akidanganya, na hapo ndipo moyo uliponivunjika. Lorna alipiga magoti akaokota majani yake, laini yote, bila jiwe hata moja, huku sisi wengine tukingoja kwenye foleni. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza mbona nimechelewa.

"Ni wale wa ng'ambo," nikamjibu. "Hutuchelewesha."